Kaka katema mate Phoenix, mimi nikajikuta kwenye majibu: nyota 2 kati ya 5

Niseme mapema: sikununua mimi, na mate yaliyopimwa si yangu. Aliyenunua ni kaka yangu. Yuko Phoenix, kule Arizona, mwaka wa tisa sasa, anaendesha lori. Aliona punguzo la sikukuu akalipa dola 129 kwa kipimo cha vinasaba cha kutema mate, kinachoonyesha asili ya mtu, pamoja na nyongeza ya afya, zaidi ya laki tatu za kwetu, kisha akanipigia simu ya video sanduku likiwa mezani. "Mdogo wangu, wewe ndiye mtu wa maabara. Niangalizie nisiharibu." Nikamsimamia kutoka Nkuhungu hapa Dodoma, nimekalia ndoo iliyopinduliwa pale uani, maana ndani mtandao haushiki.

Kwa hiyo haya ni maoni ya mteja ambaye hakutema hata tone lakini yumo. Baba mmoja, mama mmoja. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu kaka bado ana akaunti kwao.

Kwa upande wa sanduku sina neno. Mimi ni mtaalamu wa maabara kwenye kituo kimoja binafsi hapa mjini, mwaka wa kumi na moja huu, nikiona kichupa nakijua. Kile kichupa ni kizuri. Kina mstari wa ujazo unaoonekana, kina kifaneli cha kutemea, na kifuniko kina dawa ya kuhifadhi inayomwagika yenyewe ukifunga. Stika yake ina bakodi, siyo kama kwetu ambako tunaandika kwa maka peni halafu spiriti inafuta jina la mgonjwa. Maelekezo yanasema usile, usinywe wala usivute kitu kwa nusu saa. Kaka alitema dakika kumi ikapatikana povu tupu. Nikamwambia afikirie ukwaju. Kikajaa.

Majibu yalitoka wiki ya tano, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

Baba yetu, marehemu, alikuwa Mgogo wa Mvumi. Mama ni Msandawe wa Farkwa, wilaya ya Chemba, na sasa anaishi nami. Hakuna fumbo hapo. Babu zetu wa pande zote mbili tunawajua kwa majina na makaburi yao yapo. Kaka alichotaka, aliniambia hivyo, ni kuona jina la watu wa mama limeandikwa mahali fulani Marekani, basi. Kule akisema Tanzania wanamuuliza Wamasai. Akisema mama yake anaongea lugha yenye vidoko, zile sauti za kugonga ulimi, wanamwambia kumbe ni watu wa Kalahari.

Ukurasa ukafunguka: Wabantu wa Afrika Mashariki asilimia 58. Pembe ya Afrika 21. "Wawindaji wa Afrika" 9. Isiyobainishwa 12. Ramani imepakwa rangi kutoka Addis Ababa hadi Msumbiji kama mtu aliyemwaga chai. Neno Sandawe halipo. Wala Gogo, lakini Wagogo ni wengi, wamemezwa kwenye ile 58 na hawana cha kulalamika.

Nikamsomea Mama akiwa anachambua mlenda. Akaniuliza hao wawindaji ni akina nani. Nikamwambia ndiyo nyinyi, nadhani. "Mimi? Nimelima uwele na mtama tangu nipate akili. Baba yangu alikuwa na ng'ombe. Alikwenda porini kufuata asali." Akanyamaza kidogo. "Na hiyo isiyobainishwa, ni ya nani?"

Swali hilo la pili ndilo lililonifanya niandike.

Watu hudhani mashine inasoma mate kama karani anavyosoma cheti cha kuzaliwa: kabila limeandikwa, inalinakili. Haiko hivyo. Inachukua herufi zako za vinasaba na kuzilinganisha na za watu ambao kampuni tayari inao kwenye kabati lake, kisha inasema unafanana na kundi hili kwa kiasi fulani. Kama watu wako hawamo kabatini, haisemi "huyu simjui". Inakukatakata na kukugawa kwa majirani, na kinachobaki kinaitwa hakijabainishwa. Kwa hiyo ile asilimia 12 haielezi chochote kuhusu Mama. Inaeleza kabati lao. Mwaka 2018 watu waliokuwa wamehesabiwa kwenye tafiti kubwa za kuhusisha vinasaba na magonjwa walikuwa asilimia 78 wenye asili ya Ulaya, na Waafrika asilimia 2.

Ningeishia hapo ningesema haya, ni upungufu wa sampuli, tusubiri. Kinachoniuma ni kwamba Wasandawe si watu wasiowahi kupimwa. Wamepimwa sana. Mwaka 2009 timu ya Sarah Tishkoff, mtafiti wa vinasaba wa Marekani, akiwamo Thomas Nyambo wa Muhimbili, ilichapisha utafiti wa jamii 121 za Afrika, na Wasandawe na Wahadzabe wamo, tena kwa nafasi ya mbele. Mwaka 2012 wakasoma vinasaba vyote, mwanzo hadi mwisho, vya watu 15: Mbilikimo watano wa Kamerun, Wahadzabe watano na Wasandawe watano. Katika watu hao 15 walikuta tofauti zaidi ya milioni 13, na zaidi ya milioni 3 kati ya hizo hazikuwa zimeandikwa popote duniani. Watano! Kwenye mkutano wa kijiji Farkwa watano hawafikishi akidi, na bado, wakiwa pamoja na wale kumi wengine, wameipa dunia vitu milioni kadhaa ilivyokuwa haivijui. Kisha mtoto wa kwao analipa dola 129 anaambiwa haijabainishwa.

(Simlaumu mtafiti hapa. Makala zile zinasomeka, na majina ya Watanzania yamo. Nalaumu bidhaa.)

Bibi yangu, mama yake Mama, alikuwa akisimulia siku waliyokuja watu na gari jeupe, zamani, kabla Mama hajaolewa. Wakawapanga foleni chini ya mbuyu, wakawatoa damu mkononi, wakapewa kipande cha sabuni kila mmoja. Aliambiwa ni kwa ajili ya magonjwa. Akasubiri dawa. Mpaka anakufa alikuwa anauliza kama ile dawa imeshapatikana, nusu utani, nusu siyo. Mimi nilivyoanza chuo cha maabara alinishika mkono akaniambia, ukitoa damu ya mtu rudi umwambie ulichokiona. Sikujua ana kisa.

Siku hizi taratibu zipo. Mtafiti hagusi mkono wa mtu bila kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na sampuli ikivuka mpaka kuna mkataba wake. Vinasaba vina sheria yake tangu 2009, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023 imeviweka kwenye taarifa nyeti. Lakini hayo yote yanamlinda anayetolewa damu hapa. Kaka alitemea mate Phoenix.

Sasa maziwa. Hapa ndipo nilipoondoa nyota nzima.

Nyongeza ya afya ilimwambia kaka kwamba "huenda" mwili wake hauwezi kumeng'enya maziwa. Kaka! Huyu alilelewa na babu Mvumi miaka sita, akakamuliwa maziwa jioni na kuyanywa yakiwa bado na povu na joto la ng'ombe. Sizungumzii mgando, ambao hata tumbo dhaifu huuvumilia. Nazungumzia maziwa mabichi, kibuyu kizima, halafu anakwenda kucheza mpira. Lakini karatasi ya Marekani ina nguvu. Mtu mzima akaacha maziwa kwa wiki mbili akawa ananunua maji ya lozi kwa bei ya kuku. Alipoanza kuniuliza kama ndiyo sababu alikuwa anaumwa tumbo akiwa darasa la tatu, nikamwambia nipe nywila yako.

Nikaingia kwenye ukurasa wa maelezo ya kitaalamu, ule ambao hakuna anayeufungua. Wanaangalia herufi moja tu, nafasi ya 13910 kabla ya jeni ya laktesi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa. Hiyo ni herufi ya Wazungu. Mzungu anayekunywa maziwa ukubwani anayo, asiyeweza hana, kwao hesabu inakubali. Wafugaji wa Afrika Mashariki wanakunywa maziwa kwa herufi nyingine kabisa, iliyojitokea yenyewe huku kwetu ndani ya miaka 7,000 hivi iliyopita. Iliyo kuu iko nafasi ya 14010. Herufi 100 tu pembeni! Kama vile mtu amepiga hodi nyumba moja pale Nkuhungu, hakufunguliwa, akaandika kwamba mtaa mzima hauna watu.

Na hili halikugunduliwa jana. Lilichapishwa mwaka 2007, na waliotoa damu walikuwa Watanzania, Wakenya na Wasudani 470 kutoka jamii 43. Yaani watu wa huku walinyoosha mikono, wakanywa maji yenye sukari ya maziwa mbele ya watafiti, wakachomwa vidole kupimwa sukari baada ya muda, jibu likapatikana, likaandikwa kwenye jarida kubwa. Bidhaa haijalisoma, na chini ya ripoti kuna sentensi kwa maandishi ya chungu kwamba kipimo "hufanya vizuri zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya". Kama mnajua, kwa nini mmempa Mgogo ripoti? Mwenye duka la viatu akijua hana namba 44 anakwambia, hakuuzii 40 akaandika chini ya soli kwamba inafaa zaidi wenye miguu midogo.

Nirudi kwenye nyota zilizobaki. Moja ni ya sanduku, nimeshasema. Ya pili ni ya sikoseli.

Ripoti ilisema kaka amebeba nakala moja ya jeni ya sikoseli, AS: haugui, ila anaweza kurithisha (AA hana kabisa, SS ni mgonjwa). Hapa kipimo hakibahatishi, kwa sababu herufi ya sikoseli ni ileile kwa Mgogo, kwa Mhindi na kwa Mgiriki, na imechunguzwa vya kutosha. Kesho yake asubuhi nilijitoa damu mwenyewe kazini kabla wagonjwa hawajaanza kuja. Miaka kumi na moja nawapima wenzangu, mimi mwenyewe sijawahi. AS. Mama nikampima, AA. Basi ilitoka kwa baba. Nikakumbuka mtoto wa shangazi pale Mvumi aliyekufa na miaka minne, vidole vimevimba, analia usiku, na jinsi jirani mmoja alivyohamishwa kijiji kwa tuhuma za uchawi. Nilimpigia shangazi. Sitaandika tulichoongea. Wajukuu zake watatu wamepimwa tayari, mmoja ana SS na anahudhuria kliniki hapa Dodoma. Hospitali ya Benjamin Mkapa tangu 2023 wanapandikiza uloto kwa watoto wa aina hii, jambo ambalo wakati wa mtoto wa shangazi hata kulitamka kusingewezekana.

Kwa haki, bila mate ya kaka nisingejua. Ila pia, kwa haki, kipimo hicho kinapatikana kwenye maabara za mjini hapa kwa sehemu ndogo sana ya laki tatu.

Mama yeye hakushangazwa na sikoseli wala maziwa. Alikuwa bado na swali lake. Jioni moja kaka alipopiga, akapokea simu kabla yangu. Baada ya shikamoo na habari za huko, akamwuliza: "Baba, hiyo nusu yangu uliyowapelekea, nani alikuruhusu?"

Kaka akacheka. Mama hakucheka. Kaka akamweleza kwamba alisaini yeye mwenyewe, ni mate yake. Mama akasema mate ni yake, sawa, ila kilichomo ndani si chake peke yake. Kaka akanyamaza. Nami nikanyamaza, maana kwenye fomu zetu za ridhaa kazini kuna mstari mmoja tu wa sahihi.

Ndipo kaka akatusimulia kisa ambacho Arizona wanakijua. Wahavasupai ni kabila dogo sana, wanakaa ndani ya Grand Canyon. Kuanzia 1990 walitoa damu kwa watafiti wa chuo kikuu cha jimbo wakijua inatafutwa sababu ya kisukari kilichokuwa kinawamaliza. Baadaye wakagundua damu ileile imetumika kuchunguza ugonjwa wa akili, kuoana kwa ndugu, na hoja kwamba mababu zao walihamia kutoka Asia, wakati wao mapokeo yao yanasema walitokea palepale korongoni. Walishtaki. Mwaka 2010 chuo kililipa dola 700,000 kwa watu 41 na damu iliyobaki ikarudishwa kwao. Majirani zao Wanavajo walikwisha kusimamisha utafiti wa vinasaba kwenye ardhi yao tangu 2002. Na Wasan wa Afrika Kusini, wale ambao kila mtu anadhani ni shemeji zetu kwa sababu ya vidoko, mwaka 2017 waliandika kanuni zao wenyewe: mtafiti aje na heshima, ukweli, haki, kujali, na afuate utaratibu wao, kuanzia kwa viongozi wao.

Mama akauliza damu ya bibi iko wapi. Hilo hatukuwa na pa kuliulizia.

Kuhusu usalama wa taarifa, ambalo kila mapitio ya bidhaa hii hulipitia mbio, nitatoa mfano wa kampuni nyingine, maana imeandikwa kila mahali. 23andMe, mwaka 2023, taarifa za wateja kama milioni 6.9 zilichukuliwa, na wezi hawakuzitangaza kiholela: walitangaza orodha ya watu wenye asili ya Kiyahudi na orodha ya wenye asili ya Kichina. Machi 2025 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika na hifadhi yake ya vinasaba ikawa mali ya kutafutiwa mnunuzi. Nenosiri likiibiwa unabadilisha. Sasa orodha ya Wasandawe ikiibiwa, na sisi tulivyo wachache, hata jina halihitajiki, mtu akijua kijiji ameshajua ukoo.

Huduma kwa wateja: nilimwandikia kaka barua pepe ya Kiingereza akaituma kwa jina lake. Maswali mawili. Je, kabatini mna Wasandawe wangapi? Na kwa nini 14010 hamuangalii? Siku tisa. Jibu likaja likimshukuru kwa kuwa sehemu ya familia yao, likamwelekeza kwenye ukurasa wa maswali yanayoulizwa mara kwa mara. Yetu hayamo, bila shaka hayajaulizwa mara kwa mara. Mwezi Machi wakasasisha mfumo bila kutuuliza na "Wawindaji" wakashuka kutoka asilimia 9 hadi 3. Mama alipoambiwa akauliza kama ametolewa kwenye uwindaji kwa uzee.

Mwezi uliofuata tulikaa, yaani mimi na Mama mkekani, kaka kwenye simu, na mjomba ameletwa na basi la Farkwa kwa shughuli zake lakini akaombwa kukaa. Mimi nilikuwa nimeshaandaa hatua za kufuta akaunti yote. Nilidhani ndilo jambo la wazi. Mjomba akakubaliana nami. Mama akakataa.

Alitaka aelezwe upya lile kabati. Nikamweleza. Akauliza, kaka akifuta, Msandawe mwingine akitema mate kesho atakutana na nani mle? Nikamwambia hatakutana na mtu. "Basi abaki. Lakini hao wa utafiti watoke. Wakitaka waje Farkwa waseme wanatafuta nini." Kumbe mle ndani kuna kisanduku kidogo, kaka alikiwekea tiki siku ya kwanza bila kusoma, kinachoruhusu taarifa zake zitumike kwenye tafiti na kampuni za dawa. Kipo ukurasa wa nne wa mipangilio, kimeandikwa kwa rangi ya kijivu. Nami mtu wa maabara sikukiona, nilikuwa nahangaika na povu.

Kaka akakitoa tiki tukimwangalia. Ukurasa ukasema mabadiliko yanaweza kuchukua hadi siku 30, na kwamba tafiti zilizokwisha kufanyika haziwezi kurudishwa nyuma. Ilikuwa tarehe 14 Aprili. Nimeiandika kwenye kalenda ya maabara, safu moja na tarehe za vitendanishi vinavyokwisha muda, ili siku ya 31 nimwambie kaka aingie aangalie.